Kamera ya sauti ya kutafutia gesi inayovuja: nimekaa nayo miezi nane, haya ndo maoni yangu

Asubuhi ya kwanza tulikua watu watatu tunazunguka laini ya naitrojeni, presha inashuka taratibu usiku kucha na hakuna anayejua inaishia wapi, tumeshapaka povu la sabuni kwenye kila jointi tunayoifikia, flenji zote (zile sahani za chuma zinazobanwa kwa boliti kuunga mabomba), nati zote, mpaka zile zilizofungwa upya mwezi uliopita, hamna hata kipovu kimoja kilichotoka. Nikawasha hii kamera nikaielekeza juu, na kwenye skrini pakatokea doa jekundu limekaa kwenye shina la vali moja iliyo karibu na dari, mita kama 5 kutoka tuliposimama, mahali ambapo hamna mtu angepanda na ndoo ya sabuni. Nikasogea kushoto, doa palepale. Nikasogea kulia, palepale. Tukaleta ngazi, mwenzetu akapanda akapaka sabuni kwenye glendi ya ile vali, yaani pale shina linapoingilia, na povu likafumuka hapohapo. Dakika nne hivi, baada ya siku mbili za kuhangaika.

Kwahiyo nianze kwa kusema kabisa kwamba naipenda hii kitu, na ndo maana nataka niieleze vizuri pamoja na ubovu wake, kwasababu nimeona watu wanauziwa kwa maneno ambayo sio. Niliyonayo ni ya kazini, ya kushika mkononi, na jina lake halina umuhimu hapa maana nyingi za aina hii zinafanya kazi kwa njia moja na shida zake zinafanana.

Inavyofanya kazi ni hivi. Gesi iliyobanwa kwenye bomba ikipata tundu inatoka kwa kasi na kuvurugana na hewa ya nje, na ule mvurugano ndo unaopiga kelele. Kelele yenyewe imetapakaa kwenye masafa mengi, kidogo unaisikia kama ssss, ila nyingine iko juu ya kilohezi 20, yaani mitetemo 20,000 kwa sekunde, ambapo sikio la binadamu limeshaishia, na sisi tuliokaa miaka kwenye vyumba vya kompresa wengi hatufiki hata 15. Hiyo ya juu ndo altrasaundi, jina lilelile la kipimo cha hospitali, tofauti ni kwamba kule mashine inatuma sauti na kusubiri mwangwi urudi, huku hatutumi chochote, tunasikiliza tu. Uzuri wa sauti ya juu hivi ni kwamba mawimbi yake ni mafupi. Sauti kwenye hewa inakwenda mita 343 hivi kwa sekunde, kwahiyo wimbi la kilohezi 40 lina urefu wa milimita 8 na nusu, wakati mngurumo wa kilohezi 1 una wimbi la sentimita 34. Wimbi refu linazunguka kona na kujaza ukumbi mzima, huwezi kusema limetokea wapi. Fupi linakwenda kama mwanga wa tochi, ukilikabili unalipata, ukikaa nyuma ya nguzo hulipati. Na kelele nyingi za kiwandani, mota, feni, watu kupiga kelele, ziko huko chini kwenye masafa madogo, kwahiyo unaiambia kamera isizisikilize na unabaki na unachokitafuta, hata kama wewe mwenyewe umevaa kinga ya masikio.

Mbele ya kamera kuna maikrofoni ndogondogo zimepangwa kwenye sahani, yetu zipo 64, katikati kuna kamera ya kawaida ya video. Umelala gizani mbu anapita, unajua yuko upande gani bila kumwona, kwasababu sauti yake imelifika sikio moja kabla ya lingine. Ndo hivyo hivyo, ila kwa masikio 64. Maikrofoni mbili zikiachana sentimita 10, sauti inayotoka ubavuni inaifika moja ikiwa imeitangulia nyingine kwa milisekunde 0.29, na inayotoka mbele moja kwa moja inazifika zote kwa pamoja. Programu inashika kila pointi ya picha, inahesabu kwamba sauti ingekua imetokea hapa basi kila maikrofoni ingechelewa kiasi fulani, inazisogeza zote kwa kiasi hicho alafu inazijumlisha, pakiwa ndo penyewe zinabebana na kuwa kubwa, pasipokua penyewe zinafutana. Inarudia hivyo kwenye picha nzima mara nyingi kwa sekunde na kupaka rangi juu ya video. Mi nilivyoelewa hilo ndo nilianza kuitumia vizuri, kabla ya hapo nilikua naamini tu rangi.

Kabla ya hii tulikua na pistoli ya altrasaundi, ile unavaa hedifoni, inaishusha sauti mpaka kwenye masafa unayoyasikia na wewe unaufuata mlio kule unakozidi. Bado tunayo na sijaiacha. Kwenye kona iliyobanana, mabomba sita yamepita pamoja, kamera inakupa doa moja kubwa limefunika yote sita, hapo unachukua pistoli unaivalisha kile kikoni cha mpira unagusa karibu jointi moja moja mpaka ujue ni ipi. Ni teknolojia ya zamani na inafanya kazi, hata kwenye kituo cha anga cha kimataifa Januari 2004 presha ilivyokua inashuka mwanaanga Michael Foale alizunguka na kifaa cha kusikiliza altrasaundi mpaka akakuta hewa inatoka kwenye mpira mmoja unaoungana na dirisha la maabara ya Destiny. Mtu yuko angani, hana sabuni ya kumwaga ovyo, amepata kwa kusikiliza. Tofauti na kamera ni muda tu. Kwa pistoli unakagua pointi kwa pointi na lazima uwe na sikio lililozoea, kwa kamera unakagua ukuta mzima kwa mara moja na mtu mpya anaweza kuishika siku ya kwanza.

Na muda ndo pesa hasa kwenye hewa ya kompresa. Tulipita ukumbi mzima mashine zikiwa zinafanya kazi, hatukusimamisha hata moja, kwa saa mbili na nusu tukawa tumefunga tagi 41, yaani lebo moja kwenye kila sehemu inayovuja, nyingine kwenye viungio vya haraka vya mipira, nyingine kwenye vichujio, na moja kubwa kwenye bomba la kutolea maji ambalo kila mtu alikua analipita akidhani ndo linavyolia siku zote. Idara ya Nishati ya Marekani imekua ikiandika kwamba uvujaji unaweza kula asilimia 20 mpaka 30 ya hewa inayotolewa na kompresa, na mi nilikua nadhani wanatia chumvi. Tundu la milimita 3 kwenye presha ya bar 7 linatoa lita 10 hivi za hewa kila sekunde, usiku, mchana, siku ya mapumziko watu wote wako kwao, kompresa inaamka yenyewe inajaza tangi inalala, inaamka tena, umeme unaliwa kwa kazi ambayo haipo. Baada ya kuziba zile 41 ukikaa pale siku hakuna uzalishaji unasikia kabisa kompresa inavyokaa muda mrefu kimya kabla ya kuwaka. Ile kimya nilifurahi nayo sana, kiukweli.

Sasa matatizo.

La kwanza ni mwangwi, na hili lilitugharimu. Wiki ya pili kamera ilituonyesha doa zuri kabisa, jekundu limekolea, kwenye ubavu wa tangi la chuma cha pua, sehemu yenye mshono wa kulehemu. Kila mtu akashtuka, mshono umefunguka, tukaondoa mfuniko wa kuzuia joto, tukapaka sabuni, hamna kitu, tukaita mtu wa kukagua milehemu, hamna kitu. Kesho yake ndo mwenzetu mmoja akasimama upande mwingine wa tangi na kuona doa limehama, limefika hata pasipo na mshono. Ukuta wa chuma laini unarudisha altrasaundi kama kioo kinavyorudisha mwanga, uvujaji wenyewe ulikua nyuma yetu kwenye mpira wa hewa, na sisi tulikua tunautazama kwenye kioo. Kwahiyo sasa hivi hakuna anayeruhusiwa kufunga tagi kabla hajatembea hatua tatu kushoto na tatu kulia: la kweli linaganda kwenye jointi, la mwangwi linateleza juu ya ukuta au linapotea kabisa. Na bado ukiwa na wasiwasi chukua kipande cha kadibodi, simamisha katikati ya jointi unayoishuku na kamera, doa likifa ujue sauti ilikua inapita hapo, likibaki inatoka kwingine.

Kuna na madoa ya uongo ya aina nyingine ambayo hayatokani na ukuta, yanatokana na kamera yenyewe. Maikrofoni zikiwa zimeachana zaidi ya nusu ya wimbi, hesabu ile ya kuchelewa inaanza kukubali pande mbili kwa wakati mmoja, unaona doa la kweli na pacha lake pembeni. Watengenezaji wanazipanga maikrofoni bila mpangilio wa safu zilizonyooka ili kupunguza hili ila haliishi kabisa, ukipandisha masafa sana linarudi. Dawa yake ni kubadilisha masafa, la kweli halihami, pacha linahama. Mi kwenye ukumbi wenye kelele naanza na kilohezi 25 mpaka 45, nikitaka kuona kwa usahihi zaidi kwa karibu napandisha, nikiwa mbali nashusha, maana hewa yenyewe inaimeza sauti ya juu, kwa kilohezi 40 inakula zaidi ya desibeli moja kila mita juu ya zile 6 unazopoteza kila ukiongeza umbali mara mbili. Ndo maana ukisoma kwenye karatasi ya muuzaji kwamba inafika mita 50 muulize kwa tundu la ukubwa gani na presha gani. Tundu dogo la kweli, mi nalipata nikiwa ndani ya mita 10, na nikiwa na uhakika ni ndani ya 5.

Vitu vingine vinavyolia huko juu: hewa inayotolewa makusudi na silinda za mashine, baadhi ya taa, mvua (mvua ikianza kunyesha juu ya bati skrini inajaa madoa, acha kazi usubiri), na umeme. Ukiona doa limekaa kwenye vikombe vya waya wa umeme mkubwa au kwenye kabati la swichi, hiyo sio gesi, ni umeme unatoboa hewa kidogo kidogo na ni habari mbaya ya aina yake, kawaambie watu wa umeme siku hiyohiyo. Tulipata moja hivyo bila kuitafuta.

Kuhusu yale makadirio ya lita kwa dakika yanayoandikwa kwenye kona ya skrini, msiyabebe kama kipimo. Nilisimama mita 2 mbele ya tundu moja ikaniambia 3.1, nikasogea pembeni umbali uleule ikaniambia 1.4. Sauti haitoki sawa pande zote, na inategemea umbo la tundu na presha, kamera inakisia tu kutokana na desibeli na umbali uliouingiza. Na hapo kuna kero nyingine, ukizima na kuwasha umbali unarudi kwenye mita 1 na haikwambii, kwahiyo ripoti nzima ya wiki moja ilitoka na namba ndogo kuliko hali halisi mpaka tulipogundua. Tumia zile namba kupanga kipi kizibwe kwanza, basi.

Sasa hapa naomba tusome taratibu kwasababu ni suala la uhai wa watu. Hii kamera haijui ni gesi gani inayovuja. Naitrojeni, hewa, methani, propani, mvuke, kwake zote ni kelele. Na haijui kama chumba kimeshajaa. Methani inawaka ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa, haidrojeni kuanzia 4 mpaka 75, gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa inalala sakafuni na kwenye mitaro, na kamera inaweza kukuonyesha tundu dogo zuri huku umesimama katikati ya wingu. Ya kwetu haina cheti cha kuingia sehemu zenye gesi inayolipuka, na nyingi za mkononi hazina, zipo zenye cheti na ukifanya kazi huko usikubali nyingine. Kifaa cha kunusa gesi kinatangulia, siku zote, alafu ndo kamera. Vinasaidiana: cha kunusa kinakwambia gesi ipo ila upepo unaipeleka huku na huku, unaweza kulifukuza wingu nusu saa na kuishia kwenye dirisha, na kamera haijali upepo, inakupeleka kwenye tundu.

Tulipata kesi hiyo kwenye chumba cha boila. Harufu ilisikika mlangoni, mtu mmoja akataka tuingie na kamera haraka kabla harufu haijaisha, nikakataa na nashukuru walinisikiliza. Vali kuu ikafungwa kutoka nje, milango ikaachwa wazi, kifaa cha kunusa kikasoma sifuri mara tatu kwa vipindi. Lakini sasa ukishafunga vali presha imekufa, hakuna sauti, kamera ni kipofu. Tulichofanya, tulitoa gesi yote kwenye ile laini, tukajaza naitrojeni mpaka presha ya kawaida ya kazi, milango na feni wazi kwasababu naitrojeni nayo ikijaa chumbani inakunyima hewa bila kukwambia, ndo tukaingia na kamera. Gasketi, ile ya kuziba katikati ya flenji, kwenye flenji ya pili ilikua imekaa upande, boliti mbili zimekazwa kupita kiasi na mbili zimelegea. Doa lilikaa kwenye mdomo wa flenji upande wa chini, mahali ambapo hata kioo cha kukagulia kingekua tabu kufika. Kwa kazi kama hii, kujaza naitrojeni na kupita na kamera, mi sijaona kinachoishinda.

Na pua yako usiidharau. Gesi asilia haina harufu, ile harufu mbaya imewekwa makusudi, na sheria za kuiweka zilianza baada ya shule ya New London kule Texas kulipuka tarehe 18 Machi 1937 na kuua karibu watu 300, wengi wao watoto, gesi ilikua imekusanyika chini ya jengo na hakuna aliyeinusa. Ukisikia harufu na kamera haionyeshi kitu, iamini harufu.

Hilo linanileta kwa watu wanaouliza kama wainunue kwa ajili ya jiko la nyumbani. Hapana, tafadhali. Mi mwenyewe nilimsikia muuzaji mmoja akimhakikishia mtu kwamba itagundua gesi jikoni kwake na iliniuma, kwasababu yule mtu angeizungusha, asingeona doa, akawasha moto. Kelele ya altrasaundi inahitaji msukumo. Presha ya ndani ikikaribia mara mbili ya hewa ya nje, ukihesabu kuanzia sifuri kamili, gesi inatoka kwenye tundu kwa kasi ya sauti yenyewe na hapo inalia vizuri, chini ya hapo kelele inashuka haraka sana. Baada ya regyuleta, gesi ya jikoni iko kwenye milibar 30 hivi, yaani asilimia 3 tu juu ya hewa ya nje. Inavuja kimyakimya kama pumzi. Upande wa mtungi kabla ya regyuleta presha ni bar kadhaa, hapo inaweza kusikika, lakini mpira na jiko ndo vinavyosumbua zaidi na huko kamera haisaidii. Maji ya sabuni yanatosha na yanashinda, paka kwenye mpira, kwenye klipu, kwenye maungio, angalia povu kwa dakika nzima sio sekunde mbili. Na ukisikia harufu kali usianze kutafuta, fungua madirisha, funga mtungi kama unaufikia, usiguse swichi yoyote, toeni watu nje.

Zile programu za simu zinazodai kutafuta gesi kwa maikrofoni ndo msizipakue kabisa. Simu nyingi zinachukua sampuli 48,000 za sauti kwa sekunde, na kanuni ni kwamba unaweza kupata masafa mpaka nusu ya hizo tu, yaani kilohezi 24, na maikrofoni ya simu inakua imeshachoka kabla ya hapo. Na ni maikrofoni moja au mbili, haina cha kulinganisha.

Bomba lililofukiwa nalo ni hadithi nyingine, hii ya mkononi haioni chini ya udongo. Huko wanafunga vihisi viwili kwenye bomba, kila kimoja upande wake, vinasikiliza kelele ileile ikifika kwa nyakati tofauti. Tuliita timu ya nje kwa laini moja ya methani na walikua wazuri sana ila kuna kitu kilitokea nataka mkijue. Umbali kati ya vihisi ulikua mita 100, sauti ilitangulia kwenye kihisi cha kwanza kwa sekunde 0.1. Kwenye methani sauti inakwenda kama mita 440 kwa sekunde, kwahiyo tofauti ya njia ni mita 44, unatoa kwenye 100 inabaki 56, nusu yake 28, unachimba mita 28 kutoka kihisi cha kwanza. Yule kijana wa kwanza aliyeshika kompyuta alikua ameacha kasi ya sauti ya hewa, 343, ikamtolea karibu mita 33. Ni tofauti ya mita 5 hivi, shimo zima sehemu ambayo haina kitu, na chepeo zilishakuja. Mkubwa wao aliikagua hesabu kabla hawajaanza, akarekebisha, wakachimba wakakuta. Kwahiyo mkiita watu wa namna hiyo waulizeni wameweka kasi gani na kwa gesi gani, sio kuwabana, ni swali la haki. Bomba la plastiki wanasema wenyewe ni gumu zaidi kwasababu linaimeza sauti, inabidi vihisi viwekwe karibu karibu. Kwa mabomba marefu ya makilomita kuna wanaotumia waya wa faiba uliofukiwa kando ya bomba, wanapiga mwanga wa leza ndani na kusoma ule unaorudi, mtikisiko wowote unaubadilisha, faiba nzima inageuka maikrofoni ya makumi ya kilomita. Hiyo sijaigusa kwa mikono yangu kwahiyo naishia hapo.

Vitu vidogo vya mkononi: uzito unakubalika mpaka saa ya pili, baada ya hapo mkanda wa shingoni ni lazima na ule uliokuja nayo ni mwembamba unakata, tulishona mwingine. Skrini haisikii glavu. Betri wameandika saa 6, mi napata 4 na kidogo mwangaza ukiwa juu, na nje kwenye jua lazima uwe juu. Picha na video zinahifadhiwa vizuri, unaandika maelezo palepale, hapo sina lawama. Kabla ya kila zamu natikisa funguo nikiwa mita 3 mbele yake, funguo zikigongana zinatoa altrasaundi nyingi, doa likitokea mkononi mwangu tunaendelea na kazi, lisipotokea hatutoki. Mara moja halikutokea, kumbe kuna mtu aliipangusa na kitambaa chenye grisi na nusu ya vitundu vya maikrofoni vimeziba.

Kama mna kompresa kubwa au laini ndefu za gesi yenye presha, nunueni au azimeni kwa wiki moja, mtaona wenyewe. Na mkienda kuijaribu msikubali kuonyeshwa kwenye chumba kimya na kopo la hewa. Mwombeni muuzaji aje nayo mashine zikiwa zinafanya kazi, legezeni nati moja ya laini ya hewa nusu mzunguko bila yeye kujua ni ipi, alafu mpeni nusu saa, na akishafunga tagi mwambieni atembee hatua tatu kushoto na tatu kulia.